Kimo cha Mabeseni

Siku ya kwanza ya muhula, Mama Kanuni aliingia Saba A, akaandika tarehe ubaoni, akageuka kuwatazama wanafunzi wake. Dawati la mbele, lile la dirishani, lilikuwa tupu. Yeye mwenyewe alikuwa amelifuta vumbi jana yake na kulisogeza kidogo ili mwanga usimsumbue atakayelikalia. Atakayelikalia alikuwa binti yake.

"Chiriku yuko wapi?" aliuliza. Nyumbani na shuleni mtoto huyo aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Wanafunzi wakatazamana. Mwishowe msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, tumemwona akiingia Saba B."

Mama Kanuni alikuwa mkuu wa idara ya hisabati, na jina lake la utani lilitokana na neno alilolisema mara nyingi kuliko salamu: "Andika kanuni kwanza!" Wanafunzi wake waliondoka kwake wakiwa na mwandiko safi, alama za kujumlisha zilizosimama wima, na majibu yaliyopigiwa mistari miwili kwa rula. Miaka yote alikuwa akingoja binti yake afike darasa la saba, amfundishe yeye mwenyewe jinsi maneno marefu ya swali yanavyogeuka kuwa mstari mmoja wa herufi na tarakimu. Aliwapa darasa zoezi, akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mzazi wake alikuja wiki iliyopita," mwalimu mkuu alisema. "Akaomba mtoto awekwe Saba B."

"Mzazi wake ni mimi."

"Basi mzazi mwenzako."

Mama Kanuni aligeuka akatoka. Alirudi darasani akafundisha mpaka kengele, lakini chaki ilimvunjikia mkononi mara kadhaa.

Jioni alimkuta mumewe, muuguzi wa zamu za mchana, akimenya viazi jikoni. Hata mkoba hakuutua.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Wewe na mwanao mmekaa, mkapanga, mkanizunguka."

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai. Nimekosa nini mimi? Watu wanahonga ili watoto wao waingie darasa langu!"

Chiriku alitokea mlangoni, sare bado mwilini. Alimtazama baba yake, kisha mama yake. "Mama, si kwamba hufundishi vizuri. Ila nyumbani ni wewe, na shuleni ni wewe. Nikikosa hesabu saa nne, kosa linakuja mpaka mezani. Nitapumzikia wapi?"

"Kwa hiyo umeenda kupumzika kwa yule."

"Mchawi mpe mwanao akulelee," baba alisema, akijaribu kutia utani.

Hakuna aliyecheka.

Yule aliyesemwa alikuwa mwalimu mpya, msichana wa juzi tu kutoka chuoni, aliyevaa viatu vya raba na kushika chaki kama mtu anayeshika sigara. Alipewa Saba B baada ya wanafunzi kuzidi nafasi. Mwanzoni, siku za maandalizi kabla ya muhula, Mama Kanuni hakuwa na neno naye. Alimwonyesha mahali pa kuweka mkoba, akamwita "mdogo wangu", akamwazima kitabu. Lakini tangu siku ile ya dawati tupu, kila alichofanya msichana yule kilimkera: kicheko chake, mwandiko wake uliopanda mlima kwenda kulia, hata namna alivyonywa chai amesimama.

Wiki ya tatu, akiwa na kipindi wazi, Mama Kanuni alisikia makelele kutoka Saba B. Akaenda kwa hatua za mtu anayekwenda kutuliza fujo. Dirishani akasimama.

Juu ya meza ya mwalimu kulikuwa na ndoo za plastiki za kudekia, zimetumbukizwa moja ndani ya nyingine. Mtoto mmoja alishika rula ndefu, mwingine alikuwa akiandika vipimo ubaoni. Ndoo moja, sentimita thelathini. Ndoo mbili, thelathini na nne. Ndoo tatu, thelathini na nane.

"Sasa ndoo hamsini?" mwalimu aliuliza. "Na stoo hatuna hamsini. Mtapimaje?"

Darasa likavurugika. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema waanze na thelathini, waongeze nne mara hamsini. Mwingine akamwambia akae chini, ndoo ya kwanza atakuwa ameihesabu mara mbili. Baada ya mabishano mengi, ubaoni palibaki 26 + 4n, imeandikwa kwa mwandiko mbaya ambao Mama Kanuni angeufuta mara moja.

Ndipo Chiriku akasimama. "Mwalimu, mimi sikubali. Kama n ni sifuri, hakuna ndoo hata moja. Sasa hiyo ishirini na sita ni kimo cha nini? Cha hewa?"

Watoto wakaangua kicheko. Mama Kanuni alijikuta ameegemea ukuta, anangoja jibu. Mwalimu hakujibu. Alikaa juu ya dawati, akasema, "Hilo ndilo swali. Nani atamsaidia mwenzetu?"

Wakabishana tena, mpaka msichana mmoja mpole akaenda mezani, akapitisha kidole kwenye ndoo ya chini kabisa. "Kila ndoo inatoa ukingo wake, hizo nne nne. Ila mwili tunauona wa hii moja tu ya chini. Ishirini na sita ni mwili."

"Aaaa!" Chiriku alisema, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Uso wake ulifunguka. Mama yake aliufahamu uso ule. Aliuona mara ya mwisho siku mtoto alipojua kuendesha baiskeli, na wakati huo ulikuwa umegeuziwa yeye.

Aliondoka dirishani kabla hajaonekana. Alikwenda kwenye chai ya saa nne. Ofisini, walimu walipoanza kusimulia habari za ndoo huku wakimwita yule msichana Mwalimu Ndoo, Mama Kanuni alisema bila kuinua macho, "Debe tupu haliachi kuvuma." Wengine walicheka, wengine wakainamia vikombe vyao. Mwalimu Ndoo alikuwa mlangoni. Alisikia.

Ufunguo wa stoo ulikaa kwa mkuu wa idara. Kesho yake vifaa vya usafi vilitolewa asubuhi, vikarudishwa mara tu baada ya kudeki, na kufuli likafungwa. "Ndoo ni za kudekia," Mama Kanuni alimwambia Mwalimu Ndoo alipokuja kuomba. "Hisabati ina vitabu vyake."

"Sawa, mwalimu," yule akajibu, akaenda zake.

Kumbe alikwenda kuwaambia watoto walete vyombo kutoka nyumbani. Siku iliyofuata Saba B iligeuka kama jiko la sherehe: vikombe, sahani, sufuria zinazoingiana, vikapu. Na Mama Kanuni, akipita na rundo la madaftari, akayaona mabakuli yake. Yale meupe yenye mstari wa bluu, aliyopewa na marehemu mama yake siku ya harusi, ambayo yalikaa kabatini na kutoka kwa wageni wa heshima tu. Yalikuwa yamepangwa mbele ya Mwalimu Ndoo, na Chiriku ndiye aliyekuwa akiyapima.

Aliingia bila kubisha. Darasa zima likasimama. "Shikamoo mwalimu!"

Hakuitikia. Alianza kuyakusanya mabakuli, moja baada ya jingine, yakigongana kifuani mwake.

"Mama, ningeyarudisha—"

"Nani kakwambia uguse kabati langu? Unanichukulia vyombo vyangu unamletea huyu?"

"Mwalimu, samahani," Mwalimu Ndoo alisema taratibu. "Sikujua kama hakuomba. Kosa ni langu."

"Mengi hujui, mdogo wangu. Umeanza na mwanangu, sasa mabakuli. Kesho utakuja kuchukua nini?"

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Watoto walikodoa macho. Chiriku aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na masikio yake yakaiva. Jioni ile hakuongea. Kesho yake pia. Nyumba iliyozoea kelele za chiriku ikawa ya kusikia vijiko tu, na baba akajikuta akipokea na kupeleka ujumbe kati ya watu wawili waliokaa meza moja.

Wakati wa mtihani wa muhula ukafika. Mkuu wa idara ndiye aliyetunga, na ndiye aliyesahihisha mikondo yote miwili. Mama Kanuni aliandika maswali yake kama kawaida, safi, kutoka mepesi hadi magumu. Alipofika swali la mwisho alikumbuka ndoo, akatabasamu tabasamu lisilo zuri. Haya, alijisemea, wanapenda vyombo, wapewe vyombo. Akaandika kwa haraka: Beseni moja lina kimo cha sentimita 12. Kila beseni linalotumbukizwa ndani yake huongeza sentimita 3. Andika kanuni ya kimo cha mabeseni n. Na katika karatasi yake ya majibu akaandika, bila kuinua kalamu, 12 + 3n. Cha mwanzo, jumlisha kinachoongezeka mara n. Ndivyo alivyokuwa akiwaimbisha Saba A, na kwa tangi la maji au nauli ya teksi wimbo ule haukuwahi kumwangusha.

Saba A walishinda. Wastani wao ulipita wa Saba B kwa maksi mbili na kidogo. Alipobandika matokeo, Mama Kanuni alirudi ofisini akajimiminia chai, akaweka sukari zaidi ya kawaida. Mwalimu Ndoo alimfuata akiwa na karatasi mkononi.

"Mwalimu, naomba tuangalie lile swali la mwisho. Watoto wangu karibu wote—"

"Mwenye kushindwa hakosi sababu."

"Si kushindwa. Nadhani majibu—"

"Mdogo wangu," Mama Kanuni alisema, sauti ikipanda ili wote wasikie, "mtihani umekwisha. Muhula ujao wafundishe kuandika badala ya kuwachezesha."

Msichana aliikunja karatasi yake. Kisha akageuka akatoka.

Usiku huo Mama Kanuni alipika mwenyewe, akapakua mwenyewe, akaweka na karatasi ya Chiriku kando ya sahani yake. Sitini na nane.

"Unaona?" alimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kusemeshana bila mjumbe tangu siku ya mabakuli. "Ungekuwa kwangu usingekosa hili la mwisho. Maksi nne za bure."

Chiriku aliendelea kula. Kisha akaweka kijiko. "Mama, nikisema hutakasirika?"

"Sema."

"Jibu lako ni kumi na mbili jumlisha tatu mara n. Basi tuweke beseni moja. n ni moja. Inakuwa ngapi?"

"Kumi na mbili, jumlisha..." Mama Kanuni alianza.

"Kumi na tano," alisema baba, ambaye hakuona mtego.

"Lakini beseni moja swali limesema ni kumi na mbili," Chiriku alisema. Hakuwa na sauti ya ushindi. Alikuwa kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba nguo yake imechanika nyuma. "Ni tisa, mama. Tisa jumlisha tatu mara n. Sisi wote tuliandika tisa."

Mama Kanuni aliichukua karatasi. Pale chini, kwa mwandiko wa mwanawe, paliandikwa 9 + 3n, na juu yake alama yake nyekundu ya kosa, kubwa, imekatwa kwa furaha. Alikumbuka alivyoikata. Karatasi baada ya karatasi za Saba B, tisa, tisa, tisa, na hakuna mahali alipojiuliza kwa nini darasa zima likosee kwa namna moja. Alifurahi tu. Na watoto wake wa Saba A, waliomwamini, walikuwa wameandika uongo wake kwa mwandiko safi na kuupigia mistari miwili.

"Alikuja kuniambia," alisema polepole.

"Nani?" mumewe aliuliza.

Mama Kanuni aliinuka. Aliondoa vyombo, akaviosha, akavirudia kuviosha.

Asubuhi alianzia kwa mwalimu mkuu. Yule mzee alisikiliza, akakuna ndevu. "Maksi nne tu hizo. Matokeo yamebandikwa, wazazi wameona. Acha yapite. Wewe ni mkuu wa idara, heshima yako inahitajika hapa."

Kwa nukta chache alitamani kukubali. Angeondoka pale na ushindi wake mfukoni, na ni watu wawili tu ambao wangejua: msichana aliyekwisha kunyamazishwa, na mtoto wake mwenyewe. Huyo wa pili ndiye aliyemshinda. Alijiona kila jioni akikaa mbele ya macho yale.

"Nitazisahihisha upya," alisema.

Akaingia Saba A, akalichora beseni ubaoni, akawaambia waingize moja kwenye kanuni. Walikokotoa. Kukawa na minong'ono. Mvulana wa dawati la tatu, anayependa maksi kuliko chakula, akauliza, "Kwa hiyo tumekosa, mwalimu?"

"Mimi ndiye niliyekosa. Ninyi mmenifuata."

"Na maksi?"

"Zinaondoka."

Walilalamika sana, na aliwaacha walalamike. Mchana aliandika matokeo mapya kwa mkono wake. Saba B wakawa mbele kwa maksi tano na nusu, akayabandika juu ya yale ya zamani, akasimama pale huku walimu wakipita na kusoma, wengine wakijifanya hawaoni.

Mwalimu Ndoo alikuwa peke yake Saba B, anafuta ubao. Mama Kanuni alifunga mlango nyuma yake.

"Nimekuja kukuomba radhi. Kwa swali, na kwa mengine. Unayajua."

Msichana aliendelea kufuta. "Nilikuja kukwambia ukanifukuza mbele za watu. Nilikwenda chooni nikalia. Niliandika barua ya kuomba uhamisho."

"Umeipeleka?"

"Bado. Nilikuwa nangoja nione kama utajua mwenyewe." Akageuka. Hakuwa anatabasamu. "Lile la debe tupu pia nililisikia."

"Najua ulilisikia. Nilitaka usikie." Mama Kanuni alivuta pumzi. "Ninakuonea wivu, mdogo wangu. Ndiyo hivyo, sina jina jingine la kuuita. Mwanangu anakuja kwako akiwa amekunjua uso, anarudi kwangu ameukunja. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Mwalimu Ndoo aliiweka chini brashi ya ubao.  "Chiriku kila siku anataja jina lako," alisema. "'Mama angesema hivi, mama angeandika hivi.' Mimi mwandiko wangu unajua ulivyo. Wakishaelewa nashindwa kuwafanya waandike vizuri. Ananisahihisha ubaoni mbele ya darasa. Na mimi inaniuma."

Hawakuwa marafiki siku ile, wala wiki ile. Barua ya uhamisho ilichukua muda kuchanwa. Lakini stoo ilianza kubaki wazi, na muhula mpya ulipofunguliwa baba alimuuliza Chiriku mezani kama sasa angependa kuhamia Saba A.

"Nitabaki," Chiriku alisema, kisha akamtazama mama yake haraka.

Ilimchoma. Mama Kanuni alihisi ule moto wa zamani ukiamka kifuani, akanywa maji, akasema, "Basi baki. Ila kesho nina kipindi wazi. Mwambie mwalimu wako naomba nije nikae."

Alikaa nyuma kabisa, magoti yakigonga ubao wa dawati lililotengenezwa kwa watoto. Somo lilikuwa la mshumaa. Mwalimu Ndoo alikuwa ameuwasha mezani, na kila baada ya muda mtoto mmoja aliupima, na kimo kikapungua, kikapungua tena kwa kiasi kilekile. Kanuni ya kitu kinachokwisha itaandikwaje? Mvulana aliyekaa pembeni ya Mama Kanuni alikuwa ameandika alama ya kujumlisha, akaifuta, akaiandika tena. Karatasi ilikuwa inaelekea kutoboka. Alimvumilia. Akamvumilia tena. Mwishowe akamwinamia sikioni, "Mwanangu, hapo weka ku—"

"Mama!"

Chiriku alikuwa amegeuka kutoka dawati la mbele, kidole mdomoni, amekunja uso. "Usimwambie. Ndiyo kwanza anafikiria."

Darasa zima lilimgeukia. Mama Kanuni alifumba mdomo, akakunja mikono juu ya dawati kama wenzake, akangoja.